Shajara ya mradi: kipanya kimoja, kompyuta tatu, meza moja ya Lubumbashi

Tarehe 14 Oktoba

Ofisi yetu iko katika komini ya Kampemba, nayo ni chumba kimoja chenye meza ndefu iliyoegemezwa ukutani. Juu ya meza hiyo kuna kompyuta tatu ambazo haziwezi kupunguzwa. Ya kwanza ni ya zamani, inatumia Windows XP, na kazi yake ni kuendesha mashine ya kukatia karatasi za mabango kupitia lile tundu pana la printa ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Ya pili ni ya kuchorea ramani za nyumba na viwanja. Ya tatu ni ya kupakata, ndiyo ya hesabu na ankara, na hutumia umeme wa sola kwa sababu mteja aliyekuja kulipa hawezi kuambiwa angoje umeme wa mji urudi.

Mchoraji wetu ni mzee anayehama kutoka kompyuta moja hadi nyingine siku nzima. Mwaka jana kiganja chake cha kulia kilianza kumuuma hata akawa anafunga kitambaa, ndipo mwanawe akamletea kipanya cha mpira: mwili wake hautembei mezani, bali kidole gumba huviringisha mpira uliokaa ubavuni. Maumivu yamepungua sana. Tatizo ni kwamba kifaa ni kimoja, bei yake si ya kuchezea, na kompyuta ni tatu, kwa hiyo kila mara mzee huinama chini ya meza, hung'oa waya huku na kuuchomeka kule. (Nilimwambia kwamba mpira wake una umri mkubwa kuliko kipanya chenyewe, kwa kuwa Mwingereza Ralph Benjamin aliubuni mwaka 1946 na Wakanada wakautumia katika mfumo wao wa kijeshi wa DATAR mwaka 1952, ilhali kipanya cha Douglas Engelbart kilitengenezwa mwaka 1964. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi ya kiwanja.)

Njia ambayo kila mtu hushauri kwanza ni programu. Zipo Synergy, Barrier na Input Leap, ambazo huchukua mwendo wa kipanya kilichochomekwa kwenye kompyuta moja na kuupeleka kwa nyingine kupitia mtandao wa ndani. Nimezitumia mahali pengine na sina ugomvi nazo. Hapa, hata hivyo, kompyuta yenye kipanya lazima iwe imewaka ndipo nyingine ziongozwe, na sisi huzima ile ya kuchorea kila umeme unapokatika. Isitoshe, kompyuta ya kukatia haijaunganishwa na mtandao wowote wala haitaunganishwa maadamu ninaitunza mimi, kwa kuwa Windows XP iliacha kupata masahihisho ya usalama mwezi Aprili 2014. Kwa hiyo nitatengeneza kifaa cha kukaa katikati ya kipanya na kompyuta zote tatu, kisichohitaji programu yoyote kuwekwa ndani ya kompyuta. Kila kompyuta itabaki na kiwambo chake, na kitakachogawanywa ni kipanya tu.

Tarehe 17 Oktoba

Kabla ya kujitia katika kazi ya kuunda, nilikwenda soko la Kenya (komini ya papa hapa Lubumbashi, si nchi) nikanunua kisanduku cha plastiki kisicho na jina la kiwanda, chenye kitufe juu, tundu moja mbele na matundu matatu nyuma. Nilikifungua kabla ya kukitumia. Ndani hamna chipu hata moja. Mna swichi ya kubonyeza yenye miguu mingi, na nyaya nne kwa kila tundu: nyekundu ya volti 5, nyeupe na kijani za data, nyeusi ya kurudishia umeme. Kubonyeza kitufe hicho ni sawasawa na kung'oa kipanya na kukichomeka kwingine, isipokuwa mgongo wa mzee unapona.

Na kompyuta nayo huona hivyohivyo, yaani kipanya kimeng'olewa. Kipanya cha USB cha mwendo wa chini kina kipingamizi cha kilo-ohmu 1.5 kinachovuta waya mmoja wa data juu. Kompyuta ikiona waya umepanda, hujua kwamba kuna mgeni mlangoni, humwamuru aanze upya, humuuliza yeye ni nani na wa kiwanda gani, humpa namba ya anwani, husoma maelezo ya umbo la ripoti zake, na baada ya mahojiano hayo yote ndipo humkubali. Kwenye kompyuta ya kuchorea mahojiano yalichukua kama sekunde 2. Kwenye ile ya XP yalichukua zaidi ya 4, na mara mbili kipanya hakikukubaliwa kabisa mpaka nilipobonyeza tena. Asubuhi ya leo nilikaa pembeni nikahesabu mara ambazo mzee alihama kompyuta kuanzia saa mbili hadi saa sita: mara 41. Mtu hawezi kusubiri sekunde nne mara 41 bila kuanza kutukana.

Tarehe 24 Oktoba

Niliona kwamba kompyuta ya zamani haielewani vizuri na USB, nikajaribu kukipitisha kipanya kwenye tundu lake la duara la PS/2, lile la rangi ya kijani ambalo IBM ililileta mwaka 1987. Kile kiunganishi kidogo cha kugeuza USB kuwa PS/2 hakina akili yoyote ndani yake, ni waya tu. Hufanya kazi kwa vipanya vilivyotengenezwa kujua lugha zote mbili. Kipanya cha mpira hakiijui ya pili. Nikakiweka kando, nikachukua kipanya cha kawaida cha PS/2 ili niichunguze lugha yenyewe.

Lugha hiyo ni ya heshima na ya ukaidi kwa wakati mmoja. Kipanya kinapopata umeme hujipima, kisha husema AA (ni mzima) na 00 (mimi ni kipanya), halafu hunyamaza. Hakitatuma mwendo wowote mpaka kompyuta ikiambie F4, yaani anza kutoa habari, nacho hujibu FA (nimepokea). Kompyuta hufanya mazungumzo haya wakati wa kuwaka, mara moja, na haioni sababu ya kuyarudia. Ukikata umeme wa kipanya na kuurudisha, kinasahau kila kitu na kukaa kimya kikingojea F4 ambayo haitakuja, huku kompyuta ikidhani kwamba mwenye kipanya hajakigusa tu. Ndiyo maana watu husema PS/2 haichomekwi kompyuta ikiwa imewaka.

Kuna baya kuliko hilo. Kipanya chenye gurudumu hujitambulisha kwa siri: kompyuta hukiagiza kasi ya ripoti 200 kwa sekunde, kisha 100, kisha 80, na kama kipanya kinafahamu ishara hiyo hujibu kwamba yeye ni aina ya 3 na huanza kutuma baiti nne badala ya tatu. Nilipokata umeme na kukirudisha kipanya nikiwa nimekilazimisha kuanza na F4 peke yake, kikarudi kwenye baiti tatu, lakini kompyuta ikaendelea kuhesabu nne nne. Kishale kikakimbilia pembe ya kiwambo, kikarudi, kikafungua menyu, kikabonyeza vitu nisivyovigusa. Mama wa hesabu alipita nyuma yangu, akasimama, akauliza kama kuna mtu mwingine ndani ya mashine hiyo.

Jioni hii nimeandika ubaoni sentensi moja itakayoongoza kazi yote: kila kompyuta iamini kwamba kipanya chake hakijaondoka hata siku moja.

Tarehe 2 Novemba

Kutokana na sentensi hiyo muundo ulijitokeza wenyewe. Kipanya cha mpira kitachomekwa kwenye bodi kuu, ambayo kazi yake ni kukisoma. Kila kompyuta itachomekwa bodi yake ndogo, nitakayoiita wakala, itakayojitambulisha kwa kompyuta hiyo kuwa ni kipanya na kubaki hapo daima, iwe inapokea mwendo au la. Bodi kuu itapeleka mwendo kwa wakala mmoja kwa wakati. Mawakala wawili wengine watakaa kimya, na kwa kompyuta kipanya kilicho kimya ni kipanya kilichotulia mezani, jambo la kawaida kabisa.

Kwa bodi zote nne nimechagua Raspberry Pi Pico. Ilitoka Januari 2021 kwa dola 4 za Marekani. Hapa kwetu, baada ya safari ya kupitia mpaka wa Kasumbalesa na mikono ya watu watatu, haibaki dola 4, ila bado ni nafuu. Chipu yake ya RP2040 ina viini viwili na vijimashine vinane vya kuendesha pini kwa mpangilio mkali wa wakati bila kukisumbua kiini. Vijimashine hivyo ndivyo vilivyonivutia, kwa sababu ya wakala wa kompyuta ya zamani atakayezungumza PS/2. Katika PS/2 saa, yaani mapigo ya kuongoza biti, hupigwa na kipanya daima, hata pale kompyuta inapozungumza, kwa kasi ya kati ya kilohezi 10 na 16.7, na ujumbe mmoja una biti 11: ya kuanza, nane za habari kuanzia ndogo, ya usawa (ya kugundua kosa), ya kumaliza. Kuyafanya hayo kwa mizunguko ya kawaida ya programu kunawezekana, lakini sitaki.

Kikwazo kimoja: pini za RP2040 ni za volti 3.3, na nyaya za PS/2 huvutwa juu hadi volti 5. Nimeweka transista ndogo za BSS138 katikati kwa kila waya ili zipatanishe volti hizo mbili. Kazi ya dakika kumi, haina cha kusimulia.

Tarehe 9 Novemba

Leo mvua ilinyesha mapema, sakafu ikawa na unyevu, nami nilikuwa nimevaa ndara. Nilishika kwa mkono mmoja ganda la chuma la kompyuta ya kuchorea na kwa mwingine kichwa cha kebo iliyotoka kwenye kompyuta ya kupakata. Nilihisi kama sisimizi wamepanda kidoleni. Nikachukua multimeta, nikaiweka kwenye umeme wa mawimbi, nikapima kati ya ganda na kichwa kile cha kebo: volti 97.

Jambo hili linahitaji maelezo kwa sababu nadhani ofisi nyingi za hapa zinalo bila kujua. Ndani ya pawasaplai ya kompyuta kuna kapasita mbili ndogo za kuchujia kelele, moja kutoka waya wa moto hadi kwenye ganda na nyingine kutoka waya wa baridi hadi kwenye ganda. Soketi ikiwa na waya wa ardhi, kelele hiyo huteremka ardhini. Soketi zetu zina tundu la ardhi kwa sura, lakini nyuma yake ukutani hamna waya wowote. Ganda basi hubaki likielea katikati ya njia ya volti 220, yaani karibu 110, kwa mkondo mdogo usiofika miliampea moja. Kompyuta mbili zinazotumia umeme wa mji huelea pamoja, na kati yao nilipima volti chache tu. Ile ya kupakata hutumia inverta ya sola, ambayo haina uhusiano wowote na nyaya za mji, kwa hiyo yenyewe huelea kwake.

Sasa kumbuka kisanduku cha sokoni: nyaya zake nyeusi za matundu yote matatu, pamoja na maganda ya chuma, zilikuwa zimelehemiwa pamoja. Tangu siku niliyokichomeka, tundu moja la USB la kompyuta ya kupakata limekufa. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilicholiua, lakini sikichomeki tena, na mzee amekatazwa pia.

Uamuzi: kati ya bodi kuu na kila wakala hakutakuwa na waya wa umeme unaopita. Habari itavuka kwa mwanga.

Tarehe 20 Novemba

Chipu za kuvusha habari kwa mwanga huwa na taa ndogo upande mmoja na jicho upande wa pili, na kati yao plastiki isiyopitisha umeme. Nilianza na PC817 kwa sababu zimejaa katika pawasaplai mbovu, na pawasaplai mbovu ninazo za kutosha kufungulia duka. Niliweka kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Upande wa pili zikatoka takataka tupu.

Sababu ni hesabu ya darasani. Kwa kasi hiyo biti moja hudumu mikrosekunde 8.7, na jicho la PC817, likiwa na kipingamizi kikubwa kama nilichoweka, halijamaliza kufumbua kabla biti nyingine haijafika. Nilishusha kasi hadi 9,600, ambapo biti moja ina mikrosekunde 104, na kila kitu kikaja safi. Ujumbe wangu mmoja wa kipanya una baiti 6: ya kuanzia, ya vitufe, ya mlalo, ya wima, ya gurudumu, na ya kuhakiki jumla. Kila baiti husafiri kwa biti 10, kwa hiyo ujumbe huchukua milisekunde 6.25. Kipanya cha kawaida cha USB husomwa kila milisekunde 8. Inatosha, lakini ni kama kupitisha gari kubwa kwenye mlango wa geti: ukikohoa, unakwaruza. Siku nitakapoongeza kibodi, ambayo ripoti yake peke yake ni baiti 8, mlango hautatosha.

Nilipata 6N137 tatu, ambazo zimetengenezwa kwa kasi ya hadi megabiti 10 kwa sekunde. Taa yake niliiunga kutoka volti 3.3 kupitia kipingamizi cha ohmu 220 hadi kwenye pini ya bodi kuu, badala ya kutoka kwenye pini hadi kwenye waya mweusi. Kwa mpangilio huo pini ikishuka taa huwaka na upande wa pili pia hushuka, hivyo habari haigeuki kichwa chini, na wakati hakuna ujumbe taa huwa imezimwa. Mkondo ni kama miliampea 8.6. Kwa 115,200 ujumbe sasa unavuka kwa karibu nusu milisekunde.

Chipu mbili zinafanya kazi. Ya tatu niliichomeka kinyume, nikiwa na njaa, saa saba mchana, bukari (ugali wetu) ikiwa imeshapakuliwa na inapoa. Ilitoa harufu. Wakala wa kompyuta ya kupakata atabaki na PC817 na biti 9,600 kwa sasa. Hesabu za ankara hazihitaji mwendo wa haraka.

Tarehe 28 Novemba

Leo kwa mara ya kwanza mpira uliviringishwa na kishale cha kompyuta nyingine kikatembea. Kilitembea vibaya, lakini kilitembea.

Kosa la kwanza: kila mpira uliposogezwa hata kidogo, menyu ya kitufe cha kulia ilifunguka. Nilidhani ni kulehemu kubaya. Kumbe kipanya hiki hutuma ripoti za aina zaidi ya moja, na baiti ya kwanza ya kila ripoti ni namba ya aina yake. Namba ya ripoti ya mwendo ni 2. Mimi nilikuwa nikiisoma baiti hiyo kana kwamba ndiyo ya vitufe, na katika baiti ya vitufe 2 maana yake ni kitufe cha kulia kimebonyezwa. Kungekuwa na namba 1 ningekuwa nimebonyeza kushoto siku nzima na kufuta vitu. Kuna njia ya mkato, nayo ni kukiamuru kipanya kitumie ripoti fupi ya baiti tatu ambayo kila kipanya cha aina hii huifahamu, ile inayotumiwa kompyuta inapoanza kuwaka. Lakini humo gurudumu halimo, na mzee hukuza na kupunguza michoro kwa gurudumu. Nimeandika kisomaji kinachofuata maelezo ya kipanya chenyewe badala ya kubahatisha.

Kosa la pili lilikuwa kwa kompyuta ya zamani peke yake: ukiviringisha mpira kwenda juu, kishale kinashuka. Katika USB mwendo chanya wa wima ni kwenda chini, katika PS/2 ni kwenda juu. Alama moja ya kutoa ilimaliza jambo.

Kosa la tatu lilinichukua jioni nzima. Mzee akisogeza mpira kwa haraka kwenye kompyuta ya kukatia, kishale kilibaki nyuma na kufika pungufu. Wakala wa PS/2 alipokuwa bado hajamaliza kutuma ripoti moja, zilizofika nyuma yake zilitupwa. Ripoti ya kipanya haisemi kishale kiko wapi. Husema kimesogea kiasi gani tangu mara ya mwisho, kwa hiyo kila ripoti iliyotupwa ni njia iliyopotea moja kwa moja. Sasa wakala hujumlisha: zinazokuja wakati ana shughuli huongezwa kwenye kibubu, na akipata nafasi hutuma jumla yote, bila kuvuka mpaka wa 255 ambao PS/2 unaruhusu, na kinachobaki hungoja zamu inayofuata.

Tarehe 11 Desemba

Mzee amekuwa akitumia kifaa kwa siku nne, nyaya zikiwa nje nje mezani, na leo aliniita kwa sauti isiyo ya kawaida. "Mtoto, mstari umenifuata."

Alikuwa ameshika ukuta wa chumba kwenye ramani ili ausogeze, kidole bado kimebonyeza kitufe cha kushoto, akabonyeza swichi ya kuhama kwenda kwenye hesabu kwa kuwa mteja alikuwa amefika mlangoni. Kidole kiliachia kitufe akiwa tayari kwenye kompyuta nyingine. Wakala wa kompyuta ya kuchorea hakuambiwa kamwe kwamba kitufe kimeachiwa. Aliporudi, kila alipogusa mpira ukuta ulimfuata, ukavuka mlango, ukavuka choo, ukaenda kusimama kiwanja cha jirani.

Dawa ya kwanza ni rahisi: bodi kuu, kabla ya kumwacha wakala, humtumia ujumbe wa vitufe vyote kuachiwa. Lakini nikajiuliza, je, umeme wa bodi kuu ukikatika kabla haijatuma? Wakala angebaki ameshika kitufe mpaka Krismasi. Wala siwezi kumwambia aachie kila akiona kimya, kwa sababu mtu anaweza kushika kitufe bila kusogeza mpira kwa dakika nzima, na huo ni ushikaji halali. Nimeamua bodi kuu itume ujumbe wa uhai kila milisekunde 50 hata pasipo mwendo, ukiwa na hali ya vitufe ilivyo. Wakala asiyesikia chochote kwa milisekunde 200 huachia vitufe vyote mwenyewe. Nimeing'oa bodi kuu mara kumi kwa makusudi nikiwa nimeshika ukuta uleule wa ramani, na mara zote ukuta uliachiwa, huku kompyuta isitambue kwamba kipanya chake kimepata msukosuko wowote.

Tarehe 6 Januari

Kuhusu namna ya kuhama. Mpwa wangu anayesomea kompyuta alinishauri kishale kivuke chenyewe kinapofika ukingo wa kiwambo, kama programu zinavyofanya. Ni wazo zuri ambalo halifai hapa. Bodi kuu haijui kishale kiko wapi. Inajua tu mpira umesogea kiasi gani, na kila kompyuta huongeza kasi kwa kanuni yake yenyewe, hivyo mahesabu yangu yangepotoka baada ya dakika moja. Mtu anaweza kuzunguka hilo kwa kumfanya wakala ajitambulishe kama kifaa cha mahali kamili, mfano wa kiwambo cha kugusa, ambacho hutaja nukta yenyewe. PS/2 ya kipanya haina lugha hiyo. Sitaki kompyuta mbili zihame kwa namna moja na ya tatu kwa nyingine.

Tumetumia kanyagio ya cherehani iliyokufa, ambayo ndani yake nimeweka swichi moja. Mkono wa mzee haupotezi mpira, kiganja hakipindi, mguu ambao ulikuwa hauna kazi umepata kazi. Swichi ya chuma hurukaruka inapogusana, na siku ya kwanza kukanyaga mara moja kulivusha kompyuta mbili. Sasa bodi kuu hungoja milisekunde 20 za utulivu kabla ya kuamini. Juu ya kila kiwambo nimebandika taa: inayowaka ndiyo yenye kipanya. Taa hizo huendeshwa na mawakala wenyewe, si na bodi kuu, kwa sababu sikutaka nyaya zivuke tena mpaka niliouweka kwa gharama.

Tarehe 19 Januari

Kisanduku kimekamilika kwa nje. Fundi wa jirani alitaka tutumie kopo la maziwa ya unga kwa kuwa linafunga vizuri. Nilikataa, kwa kuwa chuma kingeweza kuziunganisha upya pande nilizozitenganisha, na nikachukua kibakuli cha plastiki cha chakula chenye kifuniko. Chini ya kila chipu ya mwanga nimekwangua njia za shaba kwenye ubao kwa upana wa milimita 6 bila kuacha chembe. Nilipima upya kati ya ganda la kompyuta ya kuchorea na lile la kupakata, kifaa kikiwa kimeunganishwa kote: volti 95, karibu sawa na kabla, maana yake hakuna kilichovuja kupitia kwangu. Kila kompyuta ielee kwake. Waya wa ardhi wa ofisi ni suala la mwenye nyumba, nami nimeshamwandikia.

Kompyuta ya kupakata ikilala, kipanya hakiiamshi. Wakala wake hajaandikwa kuomba ruhusa ya kuamsha. Mama wa hesabu huigusa kibodi yake, na hajalalamika.

Kibodi ya pamoja nimeijaribu kwa saa moja tu, juu ya njia mbili zenye 6N137. Inavuka. Ilizusha jambo nililolisahau: kibodi hutuma mahali pa kitufe wala haitumi herufi, na kibodi zetu ni za mpangilio wa Kifaransa ilhali kompyuta ya kukatia iliwekwa mpangilio wa Kimarekani na aliyeiuza. Mzee aliandika mwezi wa nne kwa Kifaransa kwenye jina la faili, avril, ikatoka qvril. Nimebadilisha mpangilio ndani ya kompyuta yenyewe, kwa kuwa hapo ndipo penye kosa, na sitamfundisha wakala kutafsiri.

Kwa njia ya tatu kibodi inangoja 6N137 moja. Msafiri amesema ataileta akirudi kutoka Ndola, Zambia, mwishoni mwa mwezi. Nimemwagiza alete mbili, na nimeandika kwa wino mwekundu kwenye ubao, kando ya soketi yake, upande ulipo mguu wa kwanza.